Kumchora Bibi Kiasi kwenye shaba: shajara ya mradi

8 Machi 2025: Picha yenyewe

Mimi ni mchapaji wa fulana hapa Dar. Sare za vikoba, fulana za misiba, za kwaya, uchaguzi ukifika za vyama. Zote kwa fremu ya hariri, wino ukisukumwa kwa raba kupita kwenye kitambaa chake. Hii ni kazi nyingine kabisa, ya jioni na Jumamosi: kunakili kwa mkono, kwenye bamba la shaba, sehemu ya picha iliyochapwa Antwerp mnamo 1560. Naandika kila hatua inapokwisha ili atakayejaribu asilipie makosa ambayo mimi nimeshayalipia.

Picha inaitwa Temperantia. Aliyeibuni ni Pieter Bruegel, na mchoro wake wa kalamu wa 1560 upo hadi leo katika makumbusho ya Boijmans Van Beuningen, Rotterdam. Anayehesabiwa kuwa aliuhamishia kwenye shaba ni Philips Galle, kijana wa Haarlem aliyekuwa na miaka ishirini na kitu tu. Mchapishaji alikuwa Hieronymus Cock, mwenye duka la picha lililoitwa Pepo Nne. Ni moja ya picha saba za fadhila, kila fadhila ikiwa imegeuzwa mwanamke: Imani, Tumaini, Upendo, Haki, Busara, Ushujaa na huyu wa saba. Shuleni nilisoma na Imani, na Tumaini, na Upendo wawili. Mtu aitwaye Kiasi sijapata kukutana naye.

Nimemwita Kiasi kwa sababu ndilo neno la Biblia yetu kwenye orodha ya tunda la Roho, na kwa sababu Kiswahili hapa kinamfaa Bruegel kupita kiasi. Kiasi ni kujizuia, na kiasi ni kipimo. Kwenye picha, bibi amesimama katikati na watu waliomzunguka karibu wote wana kitu wanachokipima au kukipanga: mmoja yuko juu ya tufe la dunia, ameelekeza bikari kwenye mwezi, wengine wanakagua nguzo, mwingine anahesabu fedha, kuna waimbaji na kinanda, kuna watoto wanaofundishwa kusoma, kuna mchezo wa jukwaani.

Bibi mwenyewe amebeba saa kichwani kama mtu aliyebeba ndoo ya maji. Mdomoni ana lijamu ya farasi, na hatamu yake ameishika mwenyewe. Mkono mwingine una miwani. Kiunoni amejifunga nyoka kama mshipi. Chini ya miguu yake kuna bawa la kinu cha upepo.

Chapa nzima ina takriban sentimita 22 kwa 29. Sitaiweza yote. Nitamchora bibi peke yake, nimkuze hadi sentimita 15, nimwache bila umati. Picha nimeipakua bure kutoka makumbusho ya Metropolitan ya New York na kuitoa kwa ukubwa ninaoutaka stesheneri: shilingi 3,000.

15 Machi: Shaba gani?

Hasara ya kwanza imetokana na lugha. Nilikwenda mtaa wa Gerezani nikaomba "bamba la shaba". Muuzaji akanipa bamba zuri, zito, linang'aa. 28,000. Nimefika nalo nyumbani, nikalisugua kwa msasa, chini ni njano kama kitasa cha mlango.

Sisi tunaziita zote mbili shaba. Ile ya njano imechanganywa na zinki na ni ngumu. Kalamu ya chuma niliyoazima iliteleza juu yake, na nilipoongeza nguvu ncha ikakatika. Unachotakiwa kuomba ni shaba nyekundu, na kwa wauza chuma chakavu sema "kopa" utaeleweka mara moja. Nilirudi siku ya pili, muuzaji akalinunua lake kwa 15,000, akaniuzia kipande chekundu cha sentimita 30 kwa 40, unene milimita 1.2, kwa 45,000. Nimekikata vipande vinne vya 15 kwa 20. Bibi wa sentimita 15 atasimama humo na kubaki na nafasi juu na chini.

Kusafisha: msasa wa 400, 800, 1200, halafu dawa ya kung'arishia. 9,000. Usiache mkwaruzo hata mmoja, maana kila mkwaruzo utashika wino na kutokea kwenye karatasi.

29 Machi: Kalamu

Hapa nimekwama wiki mbili.

Chombo cha kuchorea shaba ni kijiti cha chuma kigumu chenye pande nne, kilichokatwa mshazari mbele ili kona moja iwe ncha. Hakikwaruzi kama msumari. Kinachimba na kutoa uzi wa shaba, kama jembe linavyotoa tuta. Kuagiza nje ni ghali, kwa hiyo nimenunua tupa mbili ndogo za mraba (8,000), nikazisaga zikapoteza meno, nikamwomba fundi seremala anichongee mpini wa mninga wenye kichwa kama uyoga (5,000), ule unaokaa kwenye kiganja.

Tupa ya kwanza ilikatika ncha baada ya mstari mmoja. Ya pili niliipasha moto ili kupunguza ugumu wake, nikaipasha mpaka ikawa ya buluu. Ncha haikukatika tena. Ilipinda.

Nikaenda kwa mzee mmoja sonara, Kisutu, ambaye huwa namchapishia mifuko ya kufungia bidhaa zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akaichukua kalamu, akaipima kwa ukucha. "Hii umeinoa kwenye sakafu?"

Anachora majina kwenye pete na bangili kwa kalamu ya namna hiyohiyo, ya baba yake. Nilipomwonyesha picha ya Galle hakushangaa hata kidogo, na kwa kweli hakuwa na sababu ya kushangaa. Uchoraji wa shaba wa Ulaya ulitoka kwenye meza za masonara wa karne ya 15. Baba yake Albrecht Dürer, mchoraji mkubwa kuliko wote wa kazi hii, alikuwa sonara huko Nuremberg. Kuchora walikuwa wanajua tayari. Lililoongezeka ni kujaza wino kwenye mistari na kuukandamizia karatasi.

Alichonifundisha kwa dakika kumi: sugua upande mmoja wa chuma mpaka ung'ae, kipashe polepole ukitazama rangi pale paliposuguliwa. Rangi ikifika ya majani makavu, tumbukiza majini. Ukisubiri iwe kahawia umeshachelewa kwa kazi hii; ikiwa buluu, itupe. Noa kwa kinoo laini chenye mafuta, uso wa mbele ulale kama nyuzi 45. Kipimo cha ukali: igusishe kwenye ukucha bila kusukuma. Ikishika, kali. Ikiteleza, rudi kwenye kinoo.

Hakutaka pesa. Nilimpelekea kahawa na kashata.

12 Aprili: Kuhamisha picha

Fupi. Bamba lipake nta ya nyuki nyembamba (2,000). Nakili picha kwa penseli laini kwenye karatasi ya kupenyeza mwanga, ilaze kifudifudi juu ya nta, sugua kwa mgongo wa kijiko. Penseli inahamia kwenye nta, na picha inajigeuza yenyewe kushoto kulia, kama inavyotakiwa, maana chapa nayo itaigeuza tena.

Kosa: nilifanya hivi saa nane mchana. Nta ikalainika, kiganja changu kikaondoka na nusu ya gauni. Safari ya pili nilianza alfajiri na kukwaruza mistari yote mikuu kwa sindano kabla jua halijapanda. Baada ya hapo nta haikuwa na kazi, nikaifuta.

Maandishi ya pindo la gauni, yaani jina TEMPERANTIA, hayakuhamia vizuri. Niliyaandika mwenyewe kwa mkono, kwa kinyume. Kumbuka hilo, tutalirudia.

17 Mei: Kuchora

Saa 46 kwa wiki tano, kwa daftari langu.

Bamba linakaa juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga. Fundi viatu alinishonea kwa 6,000. Mkono wa kulia unashika kalamu na kubaki palepale. Kwenye mistari ya kukunja, mkono wa kushoto ndio unaozungusha bamba. Nilikuwa najua hivyo kwa kusoma, lakini mkono wangu umezoea kuvuta raba juu ya fremu kwa nguvu za bega, na siku tatu za kwanza nilisukuma kwa bega.

Siku ya nne kalamu iliruka. Ilitoka kwenye lijamu, ikakata shavu la bibi, ikashuka shingoni, ikaishia kwenye kidole gumba changu. Mkwaruzo wa sentimita nne, na sindano ya pepopunda.

Sababu haikuwa haraka, kama nilivyojilaumu mwanzoni. Ncha ilikuwa imechoka. Kalamu butu inadai nguvu, na nguvu ikipata mwanya haina breki. Tangu siku ile naipima kwenye ukucha kila baada ya mistari kumi hivi, na kunoa nusu ya muda wote wa kazi naona ni sawa.

Kurekebisha mkwaruzo: kwangua shaba kwa tupa ya pembe tatu iliyonolewa kingo, mpaka mkwaruzo uishe. Lainisha kwa mgongo wa kijiko cha chuma chenye mafuta. Sasa una bonde, na bonde linashika wino. Lipindue bamba, uso ulale juu ya chuma kilichosuguliwa kikawa laini kabisa, gonga kwa nyuma kwa nyundo ndogo mpaka bonde linyanyuke liwe sawa. Ugumu ni kujua mahali hasa pa kugonga wakati uso huuoni. Nilikunja waya nene mfano wa koleo, ncha moja ikagusa bonde mbele, nyingine ikaweka alama nyuma.

Nilichojifunza kwa kumtazama Galle kwa kioo cha kukuzia: mstari wake hauna unene mmoja. Unaanza mwembamba kama unywele, unanenepa katikati ya mkunjo wa gauni, unakonda tena na kuisha. Kivuli chote kinatoka humo, na pale panapohitaji giza zaidi anakatisha mistari mingine juu yake. Usoni anatumia mistari mifupi na nukta. Mimi nimefikia mistari miwili kwenye milimita moja na hapo ndipo macho yangu yalipogomea. Gauni langu linaonekana la kitambaa kizito kuliko lake.

Uzi wa shaba unaotoka pembeni mwa mstari ukwangue kila baada ya sehemu kuisha. Nilisahau upande mmoja wa bawa la kinu, na kiganja kikanikumbusha.

31 Mei: Wino

Wino ninaotumia kwenye fulana haufai kabisa. Ni wa maji na unakaa juu juu. Unaotakiwa ni masizi na mafuta ya kitani yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito.

Masizi nilikwangua chini ya sufuria za jikoni, bure. Bure hiyo ilinigharimu kung'arisha bamba upya, kwa sababu masizi ya sufuria yana chembe za mchanga na majivu, na nilipofuta wino bamba likapata mikwaruzo kama vumbi la nyota. Iliondoka kwa msasa wa 1200, siku mbili, na baadhi ya mistari myembamba ya uso ikaondoka nayo. Nimeichora tena.

Dawa yake ni kibatari. Washa, weka bati juu ya moshi, kusanya unga unaoganda. Unga huo ni laini kama poda. Inachukua jioni nzima kupata vijiko vitatu.

Mafuta ya kitani: chupa 14,000. Chemsha nje, mbali na nyumba, na uwe na kifuniko cha sufuria mkononi. Mafuta haya yakishika moto hayazimwi kwa maji. Mpiko wa kwanza ulikuwa mwepesi na wino ukavuja nje ya mistari. Wa pili ukawa kama gundi ya magurudumu. Wa tatu niliuchanganya na wa kwanza, kidogo kidogo, mpaka tone likaanza kuvuta uzi wa urefu wa kidole kati ya vidole viwili. Vipimo vya gramu sina. Nilitafuta mtu wa kuniambia kiasi gani, sikumpata, na sasa nikiulizwa na mimi nanyoosha vidole viwili.

14 Juni: Mtambo

Nilianza kwa kusugua karatasi kwa kijiko. Haifai. Karatasi inatakiwa kuingia ndani ya mistari, na kijiko hakina nguvu hiyo. Nikawaza mashine ya kukamulia miwa. Niliitazama kwa karibu kwa muuza juisi, nikaona rola zake zina meno. Basi.

Fundi wa kuchomelea alinitengenezea mtambo mdogo: fremu ya chuma, rola mbili, meza ya bati nene kati yake, skrubu mbili za kukaza juu, usukani wa kuzungusha. 180,000. Blanketi la sufu la kuweka juu ya karatasi nimelikata kwenye koti la mtumba, 7,000, sufu halisi ya nchi za baridi, ambalo hapa mjini hakuna mtu angelivaa.

Karatasi ni ile nzito ya rangi za maji, gramu 300, shiti sita kwa 54,000, kila moja nimeikata nne. Inalowekwa, inafutwa maji ya juu, inalala usiku kati ya plastiki ili unyevu uenee. Nililoweka nane Jumatano, kazi ya fulana ikanibana, nikazifungua Jumamosi. Zote zina madoa ya ukungu. Kwa unyevu wa mji huu, loweka za kesho tu.

Chapa ya kwanza: kingo nyeusi, katikati kivuli hafifu. Bibi alikuwa na miguu na saa, kiwiliwili hakipo. Nilikaza skrubu. Kingo zikazidi kuwa nyeusi na makali ya bamba yakakata koti. Ilinichukua jioni mbili kuelewa kwamba rola ya juu, ambayo ilikuwa bomba la maji, inapinda katikati ikikazwa. Nimeibadilisha kwa shafti nzima ya chuma iliyosawazishwa kwenye mashine ya kukereza, 55,000, na kingo zote nne za bamba nimezilaza kwa tupa. Ningeanza na shafti ningeokoa pesa na koti.

21 Juni: Herufi N

Chapa ya tatu kwa rola mpya ilitoka yote. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Ndiye aliyesoma pindo la gauni na kuniuliza hiyo herufi ni ya Kirusi?

Niligeuza mpangilio wa herufi, nikageuza P, E na R. T, M, A na I zikigeuzwa hazibadiliki, kwa hiyo nilipofika kwenye N mkono uliiona kama ndugu yao, ukaiacha ilivyo. N si ndugu yao. Ilichapwa imegeuka, mbele ya watu.

Kwenye fremu ya hariri hatugeuzi kitu. Unachokiona ndicho kinachotoka. Miaka tisa ya mazoea hayo imeishia kwenye mstari mmoja wa mshazari. Nimeukwangua, nimelainisha, nimegonga kwa nyuma, nimechora upya. Milimita tatu, saa nne. Ukiandika kwa kinyume, shika kioo kidogo pembeni na usome kila herufi humo kabla ya kuchimba.

Kufuta wino nako kulihitaji siku kadhaa. Bamba lipashwe lifikie joto la chai ya kunyweka, lipakwe wino wote, lifutwe kwa shashi iliyotiwa wanga (4,000 kwa mita mbili), halafu mwisho kwa kiganja kilichopakwa unga wa chaki. Nilipofuta sana, wino ulitoka hadi ndani ya mistari na bibi akawa kijivu. Nilipofuta kidogo, alisimama kwenye ukungu. Kiganja ndicho kilichojifunza. Mimi siwezi kueleza vizuri zaidi ya kusema kinapita kwa wepesi, kama unapangusa vumbi kwenye uso wa mtoto aliyelala.

12 Julai: Zilizotoka

Karatasi 24 nilizokata: nane ukungu, saba majaribio, tisa nzuri. Gharama zote, baada ya kuondoa pesa ya bamba la njano niliyorudishiwa, ni 405,000. Mtambo na rola yake ni zaidi ya nusu. Ukiwa na rafiki mwenye mtambo, mradi huu unaingia kwenye 170,000.

Moja ya zile tisa nilimpelekea mzee wa Kisutu. Aliiweka kando.

"Karatasi ni kivuli, mwanangu. Nionyeshe shaba."

Akavaa lenzi yake jichoni, akampitia bibi kuanzia kwenye saa mpaka kwenye bawa la kinu, bila neno. Kisha akalipindua bamba na kupitisha kidole gumba nyuma, palipogongwa.

"Moja shavuni. Moja kwenye maandishi. Na hii ya tatu?"

Ya tatu ni miwani, sikuiandika huko juu. Duara la kwanza lilitoka yai, nikalifuta, nikachora jingine, nalo likatoka yai, ila dogo. Limebaki hivyo kwenye zote tisa. Mzee amesema nilete bamba tupu wiki ijayo anifundishe kuchora duara kwanza, kabla sijamgusa yule mtu wa kwenye tufe mwenye bikari.

Bamba nimelipaka mafuta ya kujipaka na kulifunga kwenye gazeti.